Kutoa petroli iliyolala kwenye gari la zamani, na pa kuipeleka ukiwa Kigoma

Ukizunguka Kigoma vizuri, Ujiji, Mwanga, Gungu mpaka kule Bangwe, hukosi kukuta Land Rover 109 imewekwa juu ya mawe nyuma ya nyumba au Peugeot 504 ya marehemu mzee imelala chini ya mwembe, na siku hizi vijana wa nyumba hizo wameanza kuyataka yatembee tena, jambo ambalo mimi naliunga mkono kwa mikono miwili. Ila karibu wote wanaanza na betri mpya na plagi, wanapiga stata, gari linakohoa linazima, wanampigia fundi simu. Kumbe kwenye tanki kuna petroli ya tangu mzee alipoacha kuendesha. Hiyo haiwashi gari, na ukiilazimisha inaziba kabureta na kukwamisha valvu. Inatoka kwanza, yote, ndo mengine yafuate.

Sasa watu wengi wakikuelekeza wanaishia kwenye kufungua nati. Mimi naanza na swali la mwisho, ikishatoka inaenda wapi? Jibu uwe nalo kabla hujashika spana. Mji wetu umekaa kwenye mteremko, mtaro wa mbele ya nyumba yako mvua ikinyesha unashuka ziwani, na ziwani ndiko KUWASA wanakovuta maji tunayokunywa, ndiko dagaa na migebuka wanakotoka. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470 na mlango wake wa kutolea maji ni mmoja tu, mto Lukuga upande wa Kongo, kwa hiyo sumu isiyopaa hewani ikishaingia humo tunakaa nayo.

Jua kwanza una petroli gani

Petroli ni mchanganyiko wa vitu vingi, vyepesi na vizito. Vile vyepesi ndo vinavyowasha injini ikiwa ya baridi, na ndo vinavyokimbia kwanza, maana tanki la gari la zamani linapumua kwenye mfuniko, mchana joto linavitoa nje, usiku hewa yenye unyevu inaingia, maji yanajikusanya chini na kutu inaanza. Vinavyobaki vinashikana na oksijeni vinageuka gundi inayonata kama ulimbo. Kwa joto la huku, petroli ya miezi mitatu kwenye tanki linalopumua imeshaanza kuchoka, ya miezi sita itilie shaka, ya mwaka na kuendelea usijadiliane nayo.

Halafu angalia mwaka gari lilipolala. Njia rahisi ni kioo cha mbele, stika ya mwisho ya bima au ya road license huwa bado imeganda pale imepauka, futa vumbi usome. Kwa nini mwaka? Kwa sababu nchi za Afrika kusini mwa Sahara, Tanzania ikiwemo, ziliachana na petroli yenye risasi (lead, ile metali yenye sumu, siyo ya bunduki) mwanzoni mwa 2006. Gari lililolala kabla ya hapo lihesabu kuwa lina petroli ya risasi mpaka ithibitike vingine. Ile dawa ya risasi waliyokuwa wanachanganya inapita kwenye ngozi, inaingia kwa mvuke, na madhara yake makubwa ni kwenye ubongo, watoto ndo wanaumia zaidi. Tope la chini ya tanki nalo linakuwa na risasi. Petroli ya hivo haina matumizi yoyote, usichanganye na mpya, usioshee vyuma, usimpe mtu, inaenda moja kwa moja kwenye taka hatarishi.

Na kama lililala miaka ya kuelekea 2011, usishangae ikinuka mafuta ya taa. Zile zilikuwa zama za uchakachuaji, mpaka serikali ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa mwaka huo ili yasilipe tena kuchanganywa.

Pa kufanyia na saa ya kufanyia

Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, mara tatu hadi nne. Haupandi juu kama moshi, unatambaa chini, unajaa mashimoni, unapita chini ya mlango, unaweza kulikuta jiko la mkaa la jirani mita kadhaa kutoka ulipo na moto ukarudi kwako kwa njia ileile. Na petroli inatoa mvuke wa kuwaka hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, sembuse Kigoma. Kwa hiyo usifanye kwenye shimo la gereji, hapo ndo pabaya kuliko pote. Usifanye bandani, usifanye jirani na mama lishe, na mtu wa kuchomelea, na jenereta, wala na kijiwe wanapovuta sigara. Lijaze gari upepo, lisukumeni mpaka uwanja wazi wenye kivuli, ardhi iwe tambarare na mbali na mtaro na kisima.

Fanya asubuhi, saa moja mpaka saa tatu, kabla jua halijashika. Petroli ikiwa ya baridi inatoa mvuke kidogo. Usiku usijaribu, kwa sababu utataka mwanga na mwanga ndo utakaokuletea balaa, nimeona watu wanaingiza tochi ya simu mdomoni mwa tanki waangalie kilichomo, jamani hapana. Simu iache ndani ya nyumba. Ukitaka kujua kiasi, chukua kijiti cha mbao kikavu kirefu, ingiza mpaka chini, toa, soma palipolowa. Tanki la Land Rover 88 linabeba kama lita 45, la Beetle kama lita 40 na liko mbele chini ya boneti, hiyo ikupe picha ya madumu mangapi uandae.

Vitu vya kuwa navyo

Mtungi wa kuzimia moto wa unga, uwe na presha, siyo ule uliokaa kwenye gari tangu linunuliwe. Ndoo mbili za mchanga mkavu, kwa moto mdogo na kwa petroli itakayomwagika. Maji usitegemee, petroli inaelea juu ya maji na moto unatembea nayo. Namba ya Zimamoto ni 114, mtu wa pili awe anaijua na asimame upande upepo unakotoka, kazi yake ni kuangalia tu na kufukuza watoto na kuku. Glavu za mpira zinazostahimili mafuta, nguo za pamba, usivae nailoni wala jezi za mpira wa miguu zinazoteleza, hizo zinazalisha umeme tuli na cheche yake inatosha.

Sasa madumu, na hapa nitakaa kidogo. Kigoma kila nyumba ina madumu ya njano ya mawese. Usiyatumie. Kwanza plastiki ile haikutengenezwa kwa petroli, inalainika na mfuniko unavuja mvuke. Pili plastiki inabeba umeme tuli. Tatu, na hili ndo linanitisha zaidi, petroli iliyooza ina rangi ya kahawia au nyekundu chafu, ikikaa kwenye dumu la mawese kuna siku mtu atalikuta jikoni akamimina kwenye sufuria iliyo motoni. Tafuta madumu ya chuma ya lita 20 yenye mfuniko wa kubana, au pipa la chuma lenye vifuniko vyake. Usijaze mpaka juu. Petroli ya lita 20 ikipata joto la nyuzi 20 zaidi inavimba karibu nusu lita, kwa hiyo acha nafasi, lita 18 kwenye dumu la 20 inatosha.

Kuitoa yenyewe

Injini iwe ya baridi kabisa. Chomoa betri, anza na waya wa hasi, halafu itoe kabisa uiweke pembeni mbali, usiiache mle ndani eti umeshachomoa. Weka mawe kwenye matairi. Kama gari liko juu ya jeki tu, lishushe, hakuna kulala chini ya gari lililoshikwa na jeki.

Fungua mfuniko wa tanki taratibu, lipumue. Subiri kidogo.

Kabla ya tone la kwanza, ili umeme tuli usiruke cheche, unganisha waya wa shaba kutoka chuma kisicho na rangi cha gari mpaka kwenye dumu la chuma, kwangua rangi kidogo waya uguse chuma kweli. Dumu likae chini kwenye ardhi, siyo juu ya bodi la pikapu wala juu ya turubai. Faneli iwe ya chuma na iguse mdomo wa dumu. Mafundi wengi wanaona huu waya ni mbwembwe, mimi sioni kwa nini mtu abishane na waya wa shilingi mia tano.

Land Rover za zamani nyingi zina bolti ya kumwagia chini ya tanki. Kama kutu imeishika, usipige nyundo ya chuma wala usipashe moto, paka mafuta ya kulegeza kutu, iache mpaka kesho, tumia spana ya mviringo inayobana pande zote. Ikigoma iache, usije ukang'oa kipande cha tanki mafuta yote yakaja mara moja. Ikikubali, legeza nusu nusu uache ichuruzike taratibu, na ujue kitakachotangulia ni maji na tope la kutu maana vizito vinakaa chini. Hicho cha mwanzo kikinge kwenye chombo chake peke yake, usikichanganye na kitakachofuata.

Gari lisilo na bolti, tumia pampu ya mkono yenye mpira mrefu kupitia mdomo wa kujazia. Pampu ya umeme isiyo ya petroli hapana. Na kunyonya kwa mdomo hapana kabisa, najua kila dereva wa zamani amenyonya na yupo hai, lakini petroli ikiteleza ikaingia kwenye mapafu hata kidogo inachoma mapafu na mtu anaweza asifike hospitali akiwa anapumua vizuri. Mtu akimeza usimtapishe, kumtapisha ndo kunakopeleka mafuta kwenye mapafu. Maziwa hayasaidii. Mpeleke hospitali ya Maweni haraka ukiwa umeshika jina la alichomeza. Ikiingia machoni suuza kwa maji safi dakika 15 bila kuacha, ndo uende.

Tanki likiisha bado kuna petroli kwenye mipira, kwenye filta, kwenye pampu na kwenye kabureta. Land Rover ya petroli ina pampu iliyofungwa ubavuni mwa injini yenye kikombe cha kioo chini yake, mimi nakipenda sana hicho kikombe kwa sababu kinakuonyesha kila kitu bila kubahatisha. Kabla hujakitoa kitazame, utaona maji yamekaa chini na mstari kabisa, juu yake petroli ya kahawia, na ukutani mwa kioo utando wa njano uliokauka. Huo utando ndo uko kwenye vitundu vya kabureta pia. Kitoe, kioshe, badilisha gasketi yake, fungua bakuli la kabureta ukinge kilichomo kwenye kopo. Mipira yote ya zamani itupe, usiionee huruma, ukiikunja ikaonyesha nyufa haina maisha.

Kupima kilichotoka

Mimina kidogo kwenye chupa ya kioo safi, nyingine weka petroli mpya ya sheli, ziache chini kivulini nusu saa zitulie. Angalia rangi, angalia kama kuna tabaka la maji chini, punga hewa kwa mkono uinuse kwa mbali, usiingize pua. Ya kufa inanuka vanishi iliyoharibika, kali na chachu. Halafu dondosha tone moja kwenye karatasi nyeupe, ikipaa ikaacha karatasi safi bado ina uhai, ikiacha doa linalonata imeisha.

Yenye uhai, ambayo haijafika mwaka, haina risasi, haina maji, unaweza kuitumia kidogo kidogo: ichuje kwa chujio la karatasi la petroli, lita moja kwa lita kumi za mpya, kwenye gari lako mwenyewe la kabureta ambalo unalijua na likikuzimikia uko barabarani siyo pengine. Usiweke kwenye gari la sindano (injection), yaani lisilo na kabureta. Usiweke kwenye jenereta. Na tafadhali sana usimuuzie wala usimpe bure mvuvi. Injini ya boti ikiziba usiku katikati ya ziwa, upepo umeanza, hapo hakuna fundi wa kumpigia simu.

Kila isiyopita kwenye hicho kipimo ni taka, hata kama ni lita 40 na roho inakuuma kwa bei ya sheli.

Pa kuipeleka

Huku kwetu hakuna kituo ambacho unaenda tu na dumu lako unaliacha, kwa hiyo lazima uulize, na uulize mapema. Anza na ofisi ya mazingira ya Manispaa ya Kigoma-Ujiji, waambie una lita ngapi, za mwaka gani, kama zina risasi. NEMC, wasimamizi wa mazingira wa taifa, ndo wa kukuelekeza kwa wakusanyaji wenye kibali cha taka hatarishi. Njia nyingine ambayo watu hawaifikirii, nenda kwa meneja wa sheli au wa gereji kubwa yenye magari mengi umuulize masalia ya kusafishia matanki yake anampa nani, maana wao wanayo kila mara, na dumu lako moja au mawili linaweza kuondoka na mzigo wao ukichangia gharama. Kumbuka Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakushika wewe uliyeizalisha hiyo taka, siyo kijana uliyempa buku mbili akaimwage.

Usiimwage kimyakimya kwenye pipa la oil chafu la gereji. Oil chafu peke yake haiwaki kirahisi, ukiichanganya na petroli unaigeuza kitu cha kulipuka, na anayekuja kuinunua hajui. Mwambie mwenye gereji, akikataa ana haki.

Na vile vya mtaani: kumwaga shimoni, inashuka kwenye maji ya ardhini. Kumwaga chooni, mvuke unajaa humo na siku mtu akiingia na sigara au mshumaa choo kinaruka. Kuchomea takataka, watu wanaungua uso kila mara kwa sababu mvuke unawaka kabla hujarudi nyuma. Kuwashia mkaa, hivyohivyo. Kuua mchwa na majani, unaua na udongo wako. Kubwa kuliko yote ni kuiongeza kwenye mafuta ya taa ya kibatari, karabai au jiko la utambi, hata kikombe kimoja kwenye dumu zima. Hiyo inalipuka mikononi mwa mama anayewasha, na mara nyingi yeye hakujua kama kuna kitu kimechanganywa.

Ukisubiri wakusanyaji, madumu yakae nje kwenye banda lenye hewa, kivulini, yamefungwa kwa kufuli, mbali na jiko na chumba cha kulala. Andika kwa rangi kubwa PETROLI MBOVU, SUMU, INAWAKA, weka na tarehe na lita, na kama ina risasi andika RISASI. Kuyasafirisha usipande nayo daladala wala usimfungie bodaboda nyuma. Pikapu ya wazi, madumu yamesimama na kufungwa kamba, hakuna abiria nyuma.

Iliyomwagika chini ifunike mchanga, iache inywe, zoa na koleo la mbao au plastiki, tia kwenye kopo la chuma lenye mfuniko, hilo nalo ni taka inaondoka na madumu. Vitambaa usivikunje ukavirundika kwenye kona, vitandaze nje vikauke mbali na moto ndo uvifungie kwenye kopo hilohilo. Mikono ni sabuni na maji, siyo petroli nyingine.

Tanki tupu ndo hatari zaidi

Tanki lililojaa lina petroli nyingi na hewa kidogo. Tanki ulilomaliza kumwaga lina mvuke na hewa vikiwa vimechanganyika, na petroli inahitaji mvuke wa kama asilimia 1.4 mpaka 7.6 tu hewani ili ilipuke, sasa hapo ndo umefika penyewe. Kwa hiyo usimpelekee mtu wa kuchomelea tanki hilo eti lina tundu la kutu. Hata ukiliosha kwa Omo na maji ya moto, gundi iliyonata kwenye kuta ikipashwa moto inatoa mvuke upya. Tundu moja dogo la kutu maana yake kuna mengine yanakuja, tengenezesha tanki jipya la bati nzito au tafuta lililotoka kwenye gari lingine.

Likiwa zima, lisuuze kwa lita mbili tatu za petroli mpya, litingishe, mwaga, rudia mpaka itoke bila vumbi la kutu. Hiyo ya kusuuzia nayo ni taka, usiiweke akiba. Liache wazi uwanjani likauke, kisha funga bolti kwa washa mpya, mipira mipya, klipu mpya, filta ya kuonekana ndani kati ya tanki na pampu. Weka lita tano tu, siyo kujaza. Tumia kile kimkono kidogo cha pampu kuvuta mafuta kwa mkono mpaka kikombe cha kioo kijae, futa kila kiungo kwa karatasi kavu, subiri robo saa, pitia tena kama kuna palipolowa. Pakiwa pakavu pote ndo unarudisha betri, waya wa hasi mwisho, unapiga stata. Likishika liache lizunguke dakika kumi mtu akiwa amesimama na mtungi wa moto, zima, chungulia tena chini ya tanki na kwenye pampu kabla hujaongeza lita nyingine.